Kivuli Kisicho na Uvuli: Mwanga Kando ya Mashimo Meusi Yanayozunguka

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, yapata saa mbili na nusu, jua liligeuka pete. Njia ya kupatwa kwa jua kwa siku ile ilitoka Afrika ya Kati, ikapita Kampala, ikavuka Ziwa Viktoria na kufika Nairobi, na ukanda wake wenye upana wa zaidi ya kilomita 300 ukaifunika nchi yote ya chai, Kericho na Bomet pamoja. Mwezi ulisimama katikati ya jua lakini haukuweza kulifunika lote, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa mbali na Dunia kuliko kawaida. Ukabaki ukingo wa moto ukizunguka duara jeusi, kwa dakika saba hivi. Chini ya miti, kila mwanya kati ya majani ulikuwa tundu la kamera, na palipoangukia mwanga palichorwa kipete kidogo juu ya ardhi.

Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Aprili 2019, magazeti ya dunia nzima yalichapisha pete nyingine. Hii ilikuwa ya rangi ya makaa, nene upande wa chini, na katikati yake palikuwa na giza. Ilikuwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo kwenye moyo wa galaksi ya M87, umbali wa miaka milioni 55 ya nuru. Waliokumbuka asubuhi ya 2010 walikuwa na haki ya kusema wamewahi kuiona. Pete hizo mbili zinafanana kwa umbo, ila chanzo chake si kimoja, na mhadhara huu unahusu tofauti hiyo.

Kivuli cha kawaida kinataka vitu vitatu: taa, kizuizi na mahali pa kuangukia. Mkaratusi ulio pembeni mwa shamba la chai hupata vyote mapema asubuhi. Jua liko chini mashariki, shina liko katikati, na ule usawa wa kijani ambao wachumaji huutunza kwa kuchuma majani mawili na kichipukizi ndio ubao wa kuchorewa. Mti ukikatwa, kivuli hakipo tena. Jua likipanda, kivuli hufupika, na nchi hii ina bahati ya kukiona kikitoweka kabisa: Kericho iko kusini mwa ikweta kwa chini ya nusu nyuzi, kwa hiyo siku za karibu na 20 Machi na 23 Septemba, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, jua huwa utosini na mtu hukikanyaga kivuli chake chote. Mwezi Juni kivuli cha mchana huangukia kusini, na Desemba huangukia kaskazini. Wazee wa Kipsigis, ambao jina la Asis kwao lilikuwa la jua na pia la Mungu, na waliosimika mabwaita ya matawi upande wa mashariki wa nyumba, hawakuhitaji darubini kuyajua hayo.

Shimo jeusi halina ardhi ya kuangushia kivuli. Tena Kiswahili kinajua kutenga kivuli, lile umbo jeusi la kitu, na uvuli, mahali pa baridi pa kupumzikia. Kwa msamiati huo, shimo jeusi lina kivuli lakini halina uvuli. Gesi inayolizunguka ni miongoni mwa vitu vyenye joto kali kabisa vinavyojulikana, na ndiyo taa yenyewe.

Kwa hiyo hicho kinachoitwa kivuli ni nini? Ni hesabu ya miale ambayo haikufika.

Ili kuielewa hesabu hiyo, mtu aanze na kisiwa cha Príncipe, kwenye Ghuba ya Guinea, tarehe 29 Mei 1919. Mwingereza Arthur Eddington alikwenda huko kupiga picha za nyota wakati jua limepatwa, huku wenzake wakifanya hivyo hivyo Sobral, Brazili. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba kitu kizito huipinda nafasi inayokizunguka, na kwamba mwanga wa nyota unaopita kwenye ukingo wa jua ungekengeuka kwa sekunde 1.75 za pembe. Hicho ni kipimo kidogo mno: ndivyo sarafu inavyoonekana mtu akiitazama kutoka kilomita mbili na nusu. Vipimo vya safari zile vilikubaliana na Einstein. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema mwanga huenda moja kwa moja popote pale. Mwanga hufuata njia iliyopo, na njia yenyewe ikipinda, nao hupinda.

Jua ni jepesi kwa kazi hii, ndiyo maana mpindo wake ni mdogo hivyo. Kando ya shimo jeusi, mpindo huweza kuwa mzunguko kamili. Mwale unaopita mbali hukengeuka kidogo na kuendelea na safari. Unaopita karibu hugeuka nyuma kama gari kwenye kona kali ya mlima. Uliosogea zaidi hulizunguka shimo mara moja au mbili kabla ya kuponyoka, na uliovuka kiasi humezwa. Kuna umbali mmoja ambapo mwanga ungeweza kuzunguka bila kutoka wala kuingia, lakini msawazo wake ni kama wa yai lililosimamishwa kwa ncha. Kwa shimo lisilozunguka, umbali huo ni mara moja na nusu ya ule wa mpaka wa kutorudi, ambao wanasayansi huuita upeo wa matukio.

Mtazamaji aliye mbali haoni upeo huo wenyewe. Anaona duara jeusi lenye upana wa mara 2.6 kuliko upeo, kwa kuwa hata miale ambayo ingepita pembeni mwa shimo, kama nafasi isingepindwa, imevutwa ndani. Kwenye ukingo wa duara hilo hurundikana mwanga uliozungukazunguka kabla ya kutoroka, na pete huzaliwa. Mwezi wa 2010 uliziba. Shimo jeusi hukusanya.

Hadi hapa shimo limetulia, na hakuna shimo la kweli linalotulia. Karl Schwarzschild, Mjerumani aliyepata jawabu la kwanza la milinganyo ya Einstein akiwa askari katika vita vikuu vya kwanza, alihesabu kitu kisichozunguka kwa sababu ndicho kilichohesabika. Jawabu lake lilichapishwa mwaka 1916, na mwaka huohuo akafariki. Ikachukua miaka 47 hadi Roy Kerr, mwanahisabati wa New Zealand, kupata jawabu la kitu kinachozunguka, mwaka 1963. Lakini nyota huzunguka, na nyota ikiporomoka na kuwa ndogo hukaza mwendo, kama mtoto anayejizungusha kisha akakunja mikono kifuani. Shimo linalozaliwa hurithi mzunguko huo.

Shimo linalozunguka huiburuta nafasi yenyewe. Hapa walimu wengi hukimbilia mfano wa maji, na Bomet ina mfano mzuri: Mto Nyangores unapoanguka Tenwek, jani linalodondokea kwenye maji yanayozunguka chini ya maporomoko halina hiari, huzunguka upande wa maji. Mfano huo unafaa hadi mahali fulani. Jani husukumwa na maji. Mwanga kando ya shimo la Kerr hausukumwi na kitu. Ni kana kwamba kingo za mto nazo zinazunguka, pamoja na mawe, na neno “kusimama” limepoteza maana. Kuna eneo nje kidogo ya upeo ambapo hata mwanga hauwezi kwenda kinyume na mzunguko.

Jambo hili halihitaji shimo jeusi ili liwepo. Dunia nayo huiburuta nafasi, kidogo sana. Setilaiti iitwayo Gravity Probe B, iliyorushwa mwaka 2004, ilibeba tufe nne za kwazi zilizochongwa kwa usahihi wa ajabu ili kupima, pamoja na mengine, mburuto huo, na matokeo yake ya mwaka 2011 yalionyesha mihimili ya tufe hizo ikigeuka kwa sehemu 37 hivi za elfu moja ya sekunde ya pembe kwa mwaka. Nadharia ilitaka 39, na pengo hilo lilikuwa ndani ya kiwango cha makosa ya kipimo.

Sasa mwanga na mburuto vikutane. Mwale unaopita upande ambako shimo linazunguka kwa mwelekeo uleule husaidiwa; unaweza kusogea karibu sana na bado ukatoka. Mwale unaopita upande wa pili, unaokwenda kinyume, humezwa ukiwa bado mbali. Upande mmoja wa kivuli hunywea, mwingine hutanuka, na duara huacha kuwa duara. James Bardeen aliuchora ukingo huo kwa hesabu mwaka 1973, na umbo alilopata linafanana na herufi D.

Ni vyema kuliweka umbo hilo kwenye ramani ambayo watu wanaijua, na shimo la kutumia lipo: Cygnus X-1, katika kundinyota la Dajaja, lenye uzito wa jua 21 kwa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021, umbali wa miaka 7,200 ya nuru. Kitovu chake kiwekwe mjini Kericho. Kama lisingezunguka, nusu ya upana wa kivuli chake ingekuwa kilomita 160 hivi. Ukingo wa mashariki ungesimama kabla kidogo ya Limuru, pale chai ya kwanza ya Kenya ilipopandwa mwaka 1903, na wa magharibi ungefika ziwani, kwenye kisiwa cha Migingo ambacho Kenya na Uganda zimekigombea. Sasa shimo lizungushwe hadi kasi ya mwisho inayoruhusiwa, na mtazamaji akae sawa na ikweta yake. Ukingo wa magharibi unarudi hadi kilomita 62, karibu na Kisumu, na kunyooka. Wa mashariki unasukumwa hadi kilomita 217, nje kidogo ya Thika. Migingo imeachiwa mwanga, Limuru na Nairobi zimeingia gizani. Uzito haukuongezeka hata gramu moja.

Cygnus X-1 haikuchaguliwa kwa sababu ya ukubwa wake pekee. Ndiyo shimo jeusi ambalo Afrika Mashariki ina sehemu katika habari zake.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mnara wa chuma uliosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia, kazi ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Roketi na setilaiti vilikuwa vya Wamarekani. Kwenye karatasi setilaiti iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, aliipa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku na ya nchi iliyowapokea.

Kwa nini Malindi? Kwanza, ardhi ya ikweta hukimbia kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, na roketi huanza na kasi hiyo bure. Pili, setilaiti iliyozunguka karibu na ikweta ilikwepa eneo la Atlantiki ya kusini lenye chembe nyingi zinazovuruga vipimo. Njia ya Uhuru iliinama kwa nyuzi tatu tu. Kericho na Bomet zimo ndani ya ukanda huo, kwa hiyo kila baada ya dakika 100 hivi, mchana na usiku, chombo chenye uzito wa kilo 140 kilipita juu ya anga ya mashamba haya, wachumaji wakiwa wameinamia chai na mapakacha mgongoni.

Kazi yake ilikuwa kupima eksirei kutoka angani. Eksirei hazipenyi hewa, na kabla ya hapo wanasayansi walitegemea roketi zilizochungulia juu kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika 12, ikiifagia mbingu. Ilipofika kwenye Cygnus X-1 iliona mwanga wa eksirei ukipepesa ndani ya sehemu ya sekunde. Hilo lilitosha kuwaamsha watu, kwa kuwa kitu hakiwezi kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao mwanga hukivuka. Kinachopepesa hivyo lazima kiwe kidogo. Baadaye Louise Webster na Paul Murdin, Uingereza, na Tom Bolton, Kanada, wakaonyesha kwamba nyota kubwa iliyo pale, HDE 226868, huzungushwa kila siku 5.6 na mwenzi mzito asiyeonekana. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya Uhuru, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kenya ina Bustani ya Uhuru na Barabara Kuu ya Uhuru. Mhadhiri huyu anaona ni hasara kwamba Uhuru hii ya tatu, iliyoufungulia ulimwengu mlango wa mashimo meusi, haitajwi mashuleni kama inavyostahili.

Hata hivyo kivuli cha Cygnus X-1 hakijapigwa picha. Kilomita 300 kwa umbali ule ni kidogo kuliko uwezo wa chombo chochote. Ili kuona kivuli, wanasayansi walitafuta mashimo makubwa mno, na yalikuwepo mawili yaliyofaa. La M87 lina uzito wa jua bilioni 6.5. La pili, Sagittarius A*, liko katikati ya Njia Nyeupe yetu, miaka 27,000 ya nuru kutoka hapa, na uzito wake ni jua milioni nne.

Hata pete ya M87 ina upana wa sehemu 42 za milioni moja ya sekunde ya pembe tu. Afisa wa mnada wa chai Mombasa akidondosha unywele mmoja mezani, na mtu wa Kericho akautazama kutoka hapa, upana wa unywele huo ndio upana wa pete. Darubini ya kuweza hilo ingehitaji kuwa kubwa kama Dunia, na kwa namna fulani ndivyo ilivyofanyika. Mnamo Aprili 2017 darubini nane za redio zilizo sehemu sita, zikiwemo Chile, Hawaii, Uhispania na Ncha ya Kusini, ziliangalia kwa pamoja mawimbi yenye urefu wa milimita 1.3, kila moja ikiwa na saa ya atomu. Dunia ilipozunguka, kila jozi ya darubini ilichora mstari mpya kwenye picha. Takwimu zilikuwa nyingi hata intaneti haikufaa. Diski zilisafirishwa kwa ndege hadi Marekani na Ujerumani, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja miezi kadhaa hadi majira ya baridi yapite.

Picha iliyotoka ilionyesha upande wa chini wa pete ukiwaka zaidi. Hilo ni tendo la mwendo: gesi inayotujia kwa kasi iliyo karibu na ya mwanga huurundika mwanga wake mbele, inayotukimbia hufifia. Uchunguzi wa mwaka 2018, uliotangazwa Januari 2024, ulikuta pete yenye upana uleule, ila sehemu angavu imehama kwa nyuzi 30 hivi. Gesi hubadilika, kivuli hubaki.

Na ile D iko wapi? Haionekani, na mtu asidanganywe na michoro ya sinema. Mhimili wa shimo la M87 umeelekea karibu na upande wetu, kwa nyuzi 17 tu, na shimo linalotazamwa kutoka juu ya ncha yake huonekana mviringo hata likizunguka kwa kasi gani. Zaidi ya hayo, mzunguko huubadilisha upana wa kivuli kwa asilimia chache. Ndiyo sababu picha ilitoa uzito vizuri na mzunguko kwa shida. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka kwingine: mwaka 2023 timu iliyokusanya picha za redio za miaka 22 ilionyesha kwamba mchirizi wa gesi unaotoka M87 huyumba kwa nyuzi kama kumi, ukirudi ulipoanza kila baada ya miaka 11 hivi, kama pia inayokaribia kulala. Shimo lisilozunguka lisingeweza kuuyumbisha hivyo.

Swali ambalo mtu wa Kericho ana haki ya kuliuliza ni kwa nini darubini moja ya mtandao uliopiga picha ya M87 isijengwe kwenye vilima hivi. Kwa upande wa kuona, hakuna mahali pazuri zaidi. Mtu wa ikweta anaona mbingu yote: M87, katika kundinyota la Mashuke, hupanda hadi karibu utosini, Cygnus X-1 hupita kaskazini, Sagittarius A* kusini, zote zikiwa juu kabisa ya vilima. Darubini ya Ncha ya Kusini haikuweza kuiona M87 hata kidogo. Ilitumika kusahihisha vipimo tu.

Kinachoikosesha Kericho ni kilekile kinachoipa mali. Mvuke wa maji hunyonya mawimbi ya milimita 1.3, na chai hutaka mvuke. Nchi inayopata mvua karibu mwaka mzima, yenye ukungu wa alfajiri na mvua ya mawe inayowatia wakulima hasara kila msimu, ndiyo mahali pa mwisho ambapo mtaalamu wa mawimbi haya angeweka sahani yake. Mtandao ule unapenda majangwa: Atacama, mita 5,000 juu ya bahari, au barafu kavu ya ncha. Barani Afrika mpango uliopo ni wa Namibia, nchi kame, ambako Chuo Kikuu cha Namibia na washirika wake wa Ulaya wanataka kusimamisha darubini ya kwanza ya aina hiyo barani. Ikisimama, itaziba pengo kubwa kati ya Ulaya, Chile na Ncha ya Kusini, na Sagittarius A* itatazamwa kutoka bara ambako hupita juu angani.

Atakayetaka kuuona upande wenyewe asingoje darubini. Mwanzoni mwa Agosti, ukungu ukikubali, asimame pasipo taa za kiwanda, saa nne kasoro robo usiku, aelekee kusini, na ainue macho theluthi mbili za njia kutoka kwenye vilima hadi utosini. Hapo ndipo lilipo kundinyota la Kausi, mahali Njia Nyeupe ilipo nene kuliko pote. Nyuma ya vumbi lile kuna kivuli cha Sagittarius A*, ambacho picha yake ilichapishwa tarehe 12 Mei 2022, na mwanga uliokichora uliondoka pale kabla hakujawa na shamba lolote duniani, la chai wala la mtama. Avae sweta.